Nikifanya mazoezi goti linavimba, nikiacha nanenepa

Shikamoo dada,

Nina miaka 49, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ni ya kukaa mezani kutwa. Mpaka nilipofika miaka 43 au 44 sikuwa na habari na mizani. Ngazi nilipanda, mzigo nilibeba, nguo zilinikaa. Kisha kilo zikaanza kuingia kimyakimya, 2 mwaka huu, 3 mwaka unaofuata, na safari hii hazikwenda nyongani kama nilipokuwa nazaa, zimejaa tumboni. Leo nina kilo 91, na urefu wangu ni sentimita 162.

Mwaka jana nikaamua. Nilijiunga na kikundi cha mazoezi cha wanawake, wengi wao wa miaka thelathini na kitu. Ratiba ilikuwa kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka mara 100, na kukimbia kupanda mlima. Wiki ya kwanza nilitoka jasho nikajisikia mtu tena. Wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma upande wa ndani. Mwalimu akaniambia hayo maumivu ni uvivu unaotoka mwilini, nisilegeze. Sikulegeza. Wiki ya tano niliamka goti limevimba kama limejazwa maji, halikunjiki.

Nilipumzika miezi 2. Uvimbe ukaisha, kilo 4 zikaongezeka. Nikarudi kwa hasira, nikafanya kwa siku moja mazoezi ya siku 3, goti likavimba tena. Mwaka mzima nimekuwa hivyo: wiki moja ya kujikaza, wiki tatu za kuchechemea.

Nilipokwenda kwa daktari nilipigwa eksirei. Aliitazama picha akasema, "Gegedu limeanza kulika, mama. Punguza uzito." Kisha akaita mgonjwa mwingine. Nilitoka na bahasha mkononi bila kuuliza nipunguze vipi kwa goti hili hili. Tangu siku ile kila nikipiga hatua nawaza mfupa unasaga mfupa. Nikiinuka kwenye kiti goti linatoa mlio wa kukwaruza, nami nasema moyoni: ndiyo hivyo, jingine limepungua.

Mume wangu ananiambia nitulie nisije nikalimaliza kabisa. Binti yangu anasema nikitulia nitaganda. Mwenzangu kazini anameza vidonge vya glukosamini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya viungo, na ananisihi nami nianze.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita nilikaa sakafuni kucheza na mjukuu wangu, ana miezi 10. Ulipofika wakati wa kuinuka nikashindwa. Nilijaribu mara mbili, kisha nikatambaa hadi kwenye kochi nikajivuta kwa mikono. Mtoto alidhani ni mchezo, akanifuata nyuma akitambaa na kucheka. Nami nilicheka. Halafu nikaingia chumbani nikajifungia, nikalia.

Niambie ukweli. Niendelee au niache? Kama siwezi kukimbia wala kuruka, huu uzito utatoka kwa njia gani? Na hivyo vidonge ninunue?

Mama wa Goti la Kulia

*

Marahaba mdogo wangu,

Pole. Barua yako nimeisoma yote, na nilipofika pale mtoto anapokufuata akicheka ilibidi niiweke chini kidogo. Nimefanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi, miaka mingi, na wanawake wanaolilia chumbani kwa sababu ya goti ni wengi kuliko unavyodhani. Hawasemi tu.

Jibu langu kwa swali la kwanza: usiache, na usirudi ulikotoka. Ila kabla ya mazoezi tuzungumze juu ya ile hofu uliyotoka nayo kwa daktari, maana ukiendelea kuamini kwamba kila hatua inapunguza gegedu, hakuna zoezi utakalolifanya kwa amani.

Neno "kulika" linakufanya ulifikirie goti kama tairi la gari: kadiri unavyotembea ndivyo linavyoisha. Goti halifanyi kazi hivyo. Gegedu, lile tabaka gumu lenye uso laini linalofunika ncha za mifupa, ni kitu hai, lakini halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo. Unapokanyaga, gegedu hubanwa na kutoa majimaji; unaponyanyua mguu, linaachiliwa na kuyanyonya tena yakiwa na lishe, kama sifongo. Kiungo kisichobanwa na kuachiliwa hakili vizuri. Kwa hiyo ile miezi 2 ya kukaa, uliyodhani ni ya kulihifadhi goti, kwa sehemu ilikuwa ya kulinyima chakula.

Ushahidi mwingine ni wakimbiaji. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha wakimbiaji na watu wasiokimbia. Walikuta ugonjwa wa kulika kwa gegedu la goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, na kwa asilimia 10.2 ya wale wanaokaa. Wakimbiaji wa mashindano walifika asilimia 13.3. Siku hizi sikuambii ukimbie, tutafika huko. Nakuonyesha tu kwamba mwendo wa kiasi na magoti hawana ugomvi wa asili.

Na ule mlio? Mlio peke yake, bila maumivu makali na bila goti kukwama, haupimi ni kiasi gani cha gegedu kimebaki. Magoti ya vijana wengi wazima hulia. Eksirei nayo usiifanye hukumu: wapo wenye picha mbaya wanaotembea bila shida, na wapo wenye picha nzuri wanaoumia. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema kwamba mtu wa miaka 45 au zaidi mwenye maumivu ya kiungo yanayoletwa na shughuli, na ambaye kiungo chake hakikakamai asubuhi zaidi ya nusu saa, anaweza kutambuliwa ana ugonjwa huu hata bila picha. Si wewe peke yako, mdogo wangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na ugonjwa huu duniani, milioni 365 kati yao kwenye goti, na karibu asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake.

Sasa nikueleze kilichotokea kwenye kile kikundi, kwa sababu kuna jambo nadhani hukuambiwa na mtu.

Kutembea tu mahali tambarare hulipa goti mzigo wa kati ya mara 2 na 3 ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi huzidi mara 3. Kuruka na kushuka mlima mbio huzidisha zaidi, na kuchuchumaa kabisa hulibana sana eneo la nyuma ya kilegesambwa, ule mfupa mdogo wa mbele ya goti. Hayo yote goti huweza kuyabeba likizoeshwa pole pole, miezi kwa miezi. Wewe ulitoka kwenye kiti cha ofisi ukaingia kwenye kuchuchumaa mara 100. Hapo hakukuwa na uvivu wa kutoka mwilini. Goti lilikuwa linakuarifu kwamba dozi ni kubwa, na mwalimu alikufundisha kuipuuza taarifa hiyo. Nasema hili nikiwa na uchungu, maana nimewapokea wengi walioambiwa maneno hayo hayo.

Kisha likavimba, na hapa ndipo mzunguko wako ulipoanzia. Goti likijaa maji, neva hupunguza amri inayokwenda kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja. Unaweza kuwa na nia ya chuma, msuli hauitiki ipasavyo, na ndani ya siku chache huanza kusinyaa. Msuli huo ndio unaopokea kishindo cha kila hatua kabla hakijafika kwenye kiungo. Ukaongeza miezi 2 ya kukaa. Uliporudi, ulirudi na paja dhaifu kuliko siku ya kwanza na kilo 4 za ziada, ukalipa goti kazi kubwa kuliko ile iliyolishinda mwanzo. Goti lolote lingevimba. Usijiite dhaifu kwa hilo, wala usiseme mwili wako "umekataa mazoezi".

Halafu kuna jambo ambalo ndilo hasa nililotaka kukuandikia. Uliyapa magoti yako kazi mbili kwa pamoja: yapate nguvu, na yakupunguzie uzito. Hiyo kazi ya pili yanyang'anye. Haiyahusu sana.

Najua linasikika vibaya kwa mtu aliyetoka jasho mwaka mzima. Lakini kuna utafiti mmoja mzuri uliofanywa na Chuo Kikuu cha Wake Forest huko Marekani ukatolewa mwaka 2013. Walichukua watu 454 wa miaka 55 na zaidi, wazito na wenye maumivu ya goti, wakawagawa makundi matatu kwa miezi 18. Waliofanya mazoezi bila kubadili chakula walipungua kilo 1.8 tu. Waliobadili chakula bila mazoezi walipungua kilo 8.9. Waliofanya vyote viwili walipungua kilo 10.6, na ndio waliobaki na maumivu machache kuliko wote na waliotembea vizuri zaidi.

Zitazame namba hizo kwa utulivu. Kilo zilitoka mezani. Mazoezi ndiyo yaliyolifanya goti liwe goti tena, na yakasaidia. Piga hesabu mwenyewe: mwili wa kilo 91 ukitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida huchoma takriban kalori 150, na kopo moja la soda hurudisha karibu zote. Ndiyo maana ulikuwa unajiongezea kuruka na kukimbia, ukiusukuma mwili utoe kwa miguu kile ambacho miguu haiwezi kukitoa. Ukilitua goti mzigo huo wa kupunguza kilo, hutakuwa tena na sababu ya kufanya mazoezi kwa hasira.

Watu husema, "Umri huu mwili hauunguzi tena chakula." Mwaka 2021 ulitolewa utafiti mkubwa uliopima matumizi ya nguvu ya watu zaidi ya 6,000, wachanga hadi wazee. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi hayo hubaki karibu pale pale kutoka miaka 20 hadi 60. Kinachobadilika katika umri wako ni mambo mengine: misuli inapungua usipoitumia, saa za kukaa zinaongezeka, usingizi unakatika, na homoni zinapoanza kushuka kuelekea kukoma hedhi mafuta huhamia tumboni. Hata maumivu ya viungo huongezeka kwa wanawake wengi kipindi hicho. Hujaniambia kama hedhi yako imebadilika. Kama imebadilika, na usiku unaamka umelowa jasho, mwambie daktari. Hilo nalo lina tiba yake na halihusiani na uvumilivu.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, maana kila mtu anajua sahani yake. Anza na vinywaji vyenye sukari, kwa sababu huingia bila kushibisha. Kila mlo uwe na protini ya kutosha, kwani bila hiyo utapunguza misuli pamoja na mafuta, na misuli ndiyo tunayoitafuta. Mboga zichukue nusu ya sahani, wanga upungue bila kufutwa. Usijinyime mpaka ukaanguka usiku jikoni. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa, na wiki nyingine haitatoka hata robo.

Wala usijiwekee lengo la kurudi kilo za ujana. Kutoka kilo 91, asilimia 5 ni kilo 4 na nusu tu, na hapo wengi huanza kuhisi tofauti. Asilimia 10 ni kilo 9, na tofauti huwa kubwa zaidi. Watafiti wa chuo kile kile walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo 1 inayotoka mwilini hulipunguzia goti takriban kilo 4 za mzigo kwa kila hatua. Kilo 5 zikitoka, goti lako limepumzishwa kilo 20, hatua baada ya hatua, maelfu ya hatua kwa siku. Zile 4 ulizoongeza ulipopumzika, sasa unaelewa kwa nini zilionekana nyingi kuliko 4.

Turudi kwenye mazoezi, maana huku ndiko nataka uwe bingwa.

Kabla ya zoezi lolote jifunze kulisoma goti. Yape maumivu namba, 0 ni hakuna, 10 ni yasiyovumilika. Wakati wa mazoezi, 0 hadi 2 ni salama. Kutoka 3 hadi 5 unaruhusiwa, kwa sharti kwamba yatarudi yalipokuwa kabla ya kesho yake asubuhi. Yakizidi 5, punguza palepale: usikunje sana, punguza mara unazorudia, au badili zoezi. Kisha asubuhi, kabla hujashuka kitandani, likunje na kulinyoosha goti mara chache, uliguse uone kama limevimba au lina joto. Likiwa kama jana, dozi ilikuwa sawa, rudia. Likiwa bora, wiki ijayo ongeza kidogo. Likiwa limevimba au limekakamaa kuliko kawaida, dozi ilizidi. Ipunguze kwa theluthi au nusu, lakini usiifute. Hapa ndipo ulipokuwa unakosea, na hukuwa na wa kukwambia: uvimbe ulipokuja uliacha kila kitu, ulipoondoka ukaanza upya juu kabisa. Kati ya kujikaza na kuacha kuna hatua nyingi sana za katikati, na afya ya goti lako iko humo.

Maumivu ya 3 unapoinuka kwenye kiti hayamaanishi kwamba kuna kitu kinachanika. Hilo lirudie moyoni kila unapoanza, kwa sababu wiki mbili za kwanza goti litalalamika kidogo.

Zoezi lako kuu ni kuinuka kwenye kiti. Chukua kiti kigumu, uweke mto juu yake ili kiwe kirefu. Kaa ukingoni, miguu iachane kwa upana wa nyonga, nyayo ziingie nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha inuka, ukiangalia goti lielekee kidole cha pili na lisiingie ndani. Shuka polepole, hesabu hadi 3. Kushuka huko kwa taratibu ndiko kunakojenga, usijiachie ukaangukia kiti. Anza mara 8, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara 8 nyingine. Ukiweza seti 3 za mara 12 na asubuhi yako ikawa njema, ondoa mto. Baadaye utashika kitu kizito kidogo kifuani. Usianze kuchuchumaa kabisa. Kiti ndicho kipimo chako cha kina kwa sasa.

Ongeza mengine matatu. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio juu, tulia sekunde 5, shusha. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ulionyooka bila kuupeleka mbele. Hili ni la misuli ya pembeni ya nyonga, ambayo ikilegea goti huingia ndani unapotembea. Mwisho simama ukishika meza, panda kwenye vidole, shuka taratibu. Siku ambazo goti limechokozeka na kiti hakiwezekani, kaa tu, nyoosha goti mpaka paja likaze, shikilia sekunde 5, rudia mara 10. Ni kidogo, lakini kinamzuia yule msuli wa paja asilale tena. Fanya haya siku 3 kwa wiki, na siku ya katikati iwe ya kupumzisha misuli hiyo.

Kwa pumzi na moyo, chagua kisicholipiga goti kishindo. Baiskeli, hata ile isiyotembea, inafaa sana, ila kiti chake kipandishe: kanyagio likiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Baiskeli yenye kiti kifupi imewachokoza magoti watu wengi. Ukipata bwawa, usidhani lazima ujue kuogelea. Kutembea majini kunatosha. Maji yakifika kiunoni hubeba karibu nusu ya uzito wako, yakifika kifuani hubeba takriban theluthi mbili. Kwa mtu wa kilo 91 aliyezoea kila hatua kumuuma, siku ya kwanza majini huwa ya ajabu, nimeona watu wakitokwa machozi ya furaha.

Na kutembea kupo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kiasi, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Usizisome hizo dakika 150 kama kiingilio. Mwongozo huo huo unasema kidogo ni bora kuliko hakuna, na vipande vifupi vinahesabiwa. Anza dakika 10, mara 2 kwa siku, mahali tambarare, na viatu vyenye soli inayomeza kishindo. Kila wiki ongeza dakika chache, na wiki unayoongeza dakika usiongeze pia uzito wa mazoezi ya kiti. Ukibadili vitu viwili kwa pamoja, goti likichokozeka hutajua ni kipi. Ukiwa na siku mbaya, shika fimbo mkono wa kushoto, upande ulio kinyume na goti linalouma, na usione haya. Kazini inuka kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda dirishani na kurudi.

Ukifika mwezi wa sita au wa saba tangu uanze, paja likiwa na nguvu, ukitaka kujaribu kukimbia dakika moja moja katikati ya matembezi, niandikie tena tupange. Kuruka kamba sioni kama unakuhitaji.

Jipe muda wa haki kabla ya kuamua kama imesaidia. Denmaki ilianzisha mwaka 2013 mpango wa mazoezi kwa wenye magoti na nyonga kama zako: vipindi 12 vinavyosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, pamoja na masomo ya kuuelewa ugonjwa. Leo mpango huo unatumika nchi nyingi. Basi wiki 6 hadi 8 ndizo za kuanza kuhisi, na miezi 3 ndiyo ya kupima. Pima kwa vitu vya kweli: umeinuka kwenye kiti mara ngapi kwa sekunde 30, umetembea dakika ngapi kabla goti halijafika namba 4. Panda mizani mara moja kwa wiki, inatosha.

Vidonge vya glukosamini usinunue. Ule mwongozo wa Uingereza unawaambia madaktari wasivitoe kwa ugonjwa huu, kwa kuwa hakuna ushahidi wenye nguvu kwamba vinasaidia. Mwenzako akihisi nafuu, mwache na nafuu yake. Kwa goti, jeli ya dawa ya maumivu ya kupaka, kama diklofenaki, ndiyo huanza, kwa kuwa kidogo sana huingia kwenye damu. Vidonge vya jamii hiyo, ibuprofeni na wenzake, usivimeze kila siku kwa kujiamulia: huumiza tumbo, huumiza figo, hupandisha shinikizo la damu. Na tafadhali usimeze dawa ili uweze kufanya mazoezi mazito zaidi, utakuwa umemziba mdomo yule anayekuambia dozi.

Goti lako limevimba mara mbili, kwa hiyo nataka lishikwe na mkono wa mtaalamu kabla hujaanza, si kuangaliwa kwenye picha tu. Rudi, omba rufaa ya fiziotherapia, na andika maswali yako kwenye karatasi ili usiyasahau mlango ukifunguliwa kwa mgonjwa mwingine. Nenda haraka, bila kusubiri miadi, goti likiwa jekundu na la moto au ukiwa na homa, likikwama lisinyooke, likikuachia ghafla unapokanyaga, maumivu yakikuamsha usiku hata ukiwa umepumzika, au mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma, kwenye kigimbi. Ukakamavu wa asubuhi ukizidi nusu saa, na vidole vya mikono vikivimba pande zote mbili, sema pia, huenda huo ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake. Ukiwa na tatizo la moyo, au kifua kikabana unapotembea, daktari kwanza.

Mumeo mwonyeshe barua hii sehemu ya sifongo. Amekuogopea, ndiyo maana anasema utulie. Binti yako mpe kazi: awe anakuhesabia kwenye kiti.

Sasa sakafu. Hili usisubiri miezi 3, anza wiki hii, siku ambayo mjukuu hayupo na huna haraka. Keti sakafuni karibu na kochi, na mto uwe mkononi. Geukia upande, upige magoti na mikono, mto ukiwa chini ya goti la kulia. Weka mikono yote miwili juu ya kochi. Mguu wa kushoto, ule wenye nguvu, ulete mbele mpaka unyayo wote ukanyage sakafu, goti la kulia libaki kwenye mto. Egemea mbele, sukuma kwa mikono na unyayo wa kushoto kwa pamoja, inuka, kisha ulete wa kulia. Geuka ukae kwenye kochi, pumua. Kushuka ni njia ile ile kinyumenyume. Fanya mara 2, siku 2 za wiki ya kwanza, ukilisoma goti kama nilivyokueleza. Wiki zinavyokwenda, tumia kiti kigumu badala ya kochi, kisha mkono mmoja uwe juu ya kiti na mwingine juu ya paja lako.

Niandikie wiki ya 8. Nataka kujua umeshika nini ulipoinuka, na mtoto alikuwa wapi.